Mbuzi Mmoja Aliyebakizwa

Baba alipofariki aliacha hisa katika kampuni ya kununua mashamba. Asiyekulia upande wetu wa Rongai huenda asizijue kampuni hizo. Watu walichanga pamoja wakanunua shamba la mzungu, kila mmoja akaandikwa katika rejista, na hisa zako ndizo zilizoamua ulime wapi na kiasi gani. Hati ya ardhi haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Mama alilima sehemu yetu tangu kabla sijazaliwa, lakini jina katika rejista lilikuwa la Baba peke yake.

Kisha kampuni ikatangaza kwamba inafunga rejista. Kila aliyeandikwa angepewa hati yake. Kama mwenye hisa alikuwa amekufa na jina lake halijabadilishwa kufikia mwisho wa mwezi, sehemu yake ingerudi mikononi mwa kamati. Kortini tulikuwa tumefungua faili ya urithi, ila faili ilikuwa na mwendo wake. Kwa wajane kampuni ilikuwa na njia fupi: cheti cha kifo, barua ya chifu, na fomu ya kurasa mbili.

Kazi hiyo niliichukua mimi kwa sababu nyumbani kwetu ndimi ninayependa karatasi. Shule niliiacha darasa la nane. Nimetengeneza pampu za maji katika mashamba ya maua kule Naivasha kwa miaka mingi, na mengine ninayoyajua niliyasoma mwenyewe katika vitabu vya mitumba, penseli mkononi. Sheria ya urithi niliisoma yote, mara mbili. Fomu niliijaza kwa herufi kubwa bila kufuta neno. Katika ukurasa wa pili waliuliza kama ndoa ilikuwa ya kimila, na kama mahari ilikamilika. Nikaandika: ndiyo; hapana, amebaki mbuzi mmoja.

Ilikuwa kweli. Kwetu mahari haimalizwi. Anayelipa mpaka mwisho amewaambia wakwe zake kwamba hana haja nao tena. Mtu mwenye adabu hubakiza kitu, na kitu hicho huwa mzaha wao kila wanapokutana. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa akimwuliza Baba kabla hata hajaketi, "Shemeji, mbuzi wangu hajambo?" Baba alikuwa akijibu, "Ananenepa tu." Hakukuwa na mbuzi yeyote.

Ofisi ya kampuni iko ghorofani katikati ya Nakuru. Karani, msichana mpole, alipiga muhuri ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akasoma, akanitazama.

"Bosi, hapa umeandika nini?"

"Nimejibu kile mmeuliza."

"Si ungeandika tu ndiyo? Kila mtu huandika ndiyo."

"Basi nipe fomu ingine."

"Hii imeshapigwa muhuri, na ni moja kwa kila marehemu. Ingia umwone mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa rika la Baba. Aliisoma fomu mkono ukiwa umenyooka, kama mtu aliyesahau miwani. "Wewe mwenyewe umesema ndoa haikukamilika," aliniambia. "Tutamwandikaje mama yako kama mke?"

Nilimweleza sheria inavyosema kuhusu watu walioishi pamoja miaka yote hiyo. Nilimtajia kifungu.

"Sheria iko kortini, kijana. Rejista iko hapa."

"Na wewe mzee, yako umemaliza?"

"Mimi sijafa," alisema, na wanakamati wawili walioketi naye wakacheka.

Alitaka barua moja. Upande wa Mama uandike mbele ya chifu kwamba mahari imekwisha na hawadai chochote. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Niliketi kwenye ngazi za jengo lile nikijaribu kila mlango kichwani. Kortini tungechelewa. Kukana jibu langu nisingeweza, kwa kuwa lilikuwa mle ndani kwa mwandiko wangu. Na kila nilipolitazama upya, niliona ningeliandika vilevile.

Nilimkuta Mama akimenya viazi. Aliposikia, alicheka kwanza. "Kwa hivyo nimemzalia watoto sita, nimemzika, na bado mimi ni mchumba?" Kisha kisu kikatulia. "Usimwambie kaka yangu aandike hivyo."

"Nifanye nini basi, Mama?"

"Wewe ndiye msomi."

Hakulisema kwa ubaya. Alimaliza viazi vyote kabla ya kusema tena. "Nunua mbuzi. Twende wote."

Mjomba ndiye peke yake aliyebaki katika ndugu zake Mama. Alitukuta langoni, akamtazama mbuzi.

"Huyu ni wa nini?"

"Ni yule wa Baba, Mjomba."

"Baba yako alikuwa mtu wa heshima. Hangeniletea."

Nilimsomea barua niliyokuwa nimeiandaa. Nilipofika mahali pa kutodai chochote, aliniomba nirudie, nikarudia.

"Unataka niseme tumemalizana," alisema, "na yeye yuko mchangani, hawezi hata kunijibu. Nikija kwenu nitakuja kama nani?"

"Kaka, shamba litachukuliwa," Mama alisema.

"Lichukuliwe. Rudi hapa. Ulizaliwa hapa."

"Hapa nitalala jikoni kwa mke wa mwanao. Pale ndipo nilipomzika mume wangu."

Mbuzi alianza kula majani ya ua. Mwishowe Mjomba aliifungua kamba mkononi mwangu, akamwingiza bomani mwenyewe, na hakutukaribisha ndani.

Jina la Mama liliandikwa katika rejista wiki hiyohiyo. Nilisimama mbele ya karani nikamwona akiliandika, herufi kwa herufi, na hati ikatoka baadaye ikiwa haina kosa. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ile tulipoipeleka barua kwa chifu. Mjomba aliweka kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya maneno yangu. Chifu alitaka kujua mashahidi waliofika ni akina nani.

"Huyu mama ni nani wako?"

"Ni dada yangu."

"Na huyu?"

Mjomba aliendelea kufuta wino kidoleni kwa kipande cha gazeti.

"Huyu ndiye anayejua kuandika," alisema.

Tulipotoka, Mama alinipa bahasha ya karatasi nimshikie, akavuka barabara pamoja na kaka yake. Walitembea polepole upande ule, na mimi nikatembea upande wangu nikingoja waniite.