Katuni Niliyoichagua Mwenyewe

Miaka ile ya elfu mbili mwanzoni nilisomesha skuli moja ya binafsi mtaa wa Al Khoudh, kule Uarabuni, na nilijiona mjuzi wa kila kitu. Mudira, mwalimu mkuu wetu, alipotaka filamu ya siku ya wazazi, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Dukani nikaona katuni ya Kikorea, kwenye jalada wamechorwa watoto na sare zao za skuli. Nikainunua bila kuitazama.

Siku yenyewe nilikaa mstari wa mbele, nanukia udi, napokea shukrani za kina mama. Haukupita muda, wanafunzi watatu kwenye katuni wakamzingira mwenzao chooni, wakampiga mpaka damu ikatapakaa ukutani. Kina mama wakawaziba watoto macho. Nikaikimbilia mashine ya filamu, nikabonyeza kila kitufe isipokuwa cha kuzima, na mayowe yakazidi.

Mudira akaja akachomoa waya. "Nani kaichagua hii?"

"Mimi," nikasema. "Sikuitazama kwanza."

Hapo akasimama Salma, mwanafunzi wangu mkimya kuliko wote. "Nashukuru mwalimu kaileta," akasema. "Mimi nafanyiwa hivyo hivyo chooni hapa skuli, tangu mwaka kuanza."

Wazazi wakageuka kunitazama mimi, niliyewaambia asubuhi ile ile kwamba nawajua wanafunzi wangu wote kama wanangu. Nikaenda nikasimama ubavuni mwa Salma. Uso uliniwaka kwa aibu, lakini sijapata kumwonea fahari mwanafunzi kama nilivyomwonea yeye siku ile.