Jeranimu Chini ya Kikapu

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sitini, mwanangu, nimeshika vijiti vitatu vya jeranimu na furaha imenijaa. Laiti ningejua.

Nilikuwa nimeolewa Lambwe mwaka mmoja tu, na mtoto wangu wa kwanza, Akinyi, ana miezi minne. Mbu wa bonde lile! Wewe uliyezaliwa ukakuta neti huwajui. Mke wa mwalimu alinikatia vijiti vya jeranimu ya harufu, ile ambayo ukisugua jani lake linanukia limau, akaniambia nipande karibu na mlango, mbu watapungua. Nikapanda siku hiyo hiyo.

Kumbe mvua zimekaribia na mama mkwe hajatia mbegu yake ardhini. Kwetu Waluo mkazamwana hapandi kabla ya mama mkwe. Akimtangulia, ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na huanzia kwa watoto. Jirani aliponikumbusha, nilirudi mbio nyumbani. Badala ya kusema, nikavifunika vijiti kwa kikapu. Kila mara nilifunua, nikamwagia maji, nikafunika tena.

Siku ya tatu Akinyi akashikwa na homa. Nikajua ndiyo chira yenyewe. Nikisema mtoto anaumwa, nitaulizwa nimefanya nini. Basi nikamfunga mgongoni, nikawaambia watu amelala tu. Siku mbili nzima, mwanangu. Naona haya hadi leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha ya mtu asiyejua kusema.

Mama mkwe alipita kuchukua jembe, akagusa mguu wa mtoto, akakuta unachoma. Nikalia, nikamwonyesha kikapu. Alipofunua, vijiti viwili vilikuwa vimeoza, vyeusi kabisa. Akachuma jani la kile cha tatu, akanusa.

"Nyar Kadem," akaniita, yaani binti wa Kadem, nilikozaliwa, "mwiko ni wa mtama, si wa maua. Na hata ungekuwa mtama, ungeniambia, tungetafuta dawa yake. Mtoto naye anafichwa?"

Alimbeba Akinyi mwenyewe mpaka zahanati, mimi nikikimbia nyuma, nikisikiliza kama bado analia. Huko walimpa dawa, na mtoto aliponyonya tena, ndipo na mimi nilipokula.

Kijiti cha tatu mama mkwe alikihamishia kwenye mchanga, juani, akakinyima maji. Ukikata jeranimu, alinifundisha, iache siku nzima kidonda kikauke hewani, ndipo uipande. Leo imezunguka sukuma wiki yangu, na majani yake natia kwenye maji ya kuoga. Mbu? Bado wanauma, usidanganyike.

Basi mwanangu, ukikosea, sema mapema. Mkubwa atakugombeza, na utaishi. Mtoto akichemka, mbebe kwanza, aibu itangoja. Akinyi sasa ana wajukuu, na kila akija hukata kijiti cha kupeleka kwake. Mungu akulindie wako kama alivyonilindia Akinyi, na akupe mtu wa kumwambia.