Ndiyo ya Kichwa

Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka Nairobi. Kazi imeisha, akasema, na je, anaweza kurudi kukaa nami hapa Kisumu? Nikaitikia kwa kichwa, tena kwa moyo wote, nimesimama jikoni na sufuria mkononi. "Mama, uko?" akauliza.

Usinicheke, rafiki yangu. Nimelelewa Usenge, kando ya ziwa, na nyanya, Dani kwa Kijaluo, aliyeona maneno ni ya kanisani na sokoni. Nyumbani alitumia kichwa. Akiinua kidevu, njoo ule. Akitikisa kichwa polepole huku akiguna, kuna mtu amefiwa. Akikilaza upande, ujue uwongo wako umemfurahisha lakini hajauamini. Na "ndiyo" yake ilishuka taratibu mpaka kidevu kikagusa kifua.

Shida ilikuwa mzigo. Asubuhi alitoka ufukweni na beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, na hapo shingo haikuwa yake tena. Ukimwuliza kitu alipandisha nyusi tu kuitikia. Sisi watoto tuliziamini nyusi hizo kwa mambo madogo, kama kwenda kuogelea au kukwangua ukoko wa ugali.

Siku mama alipokuja kunichukua nikasome Kisumu, nyanya alinibebea sanduku langu la bati kichwani hadi steji. Nilimfuata nyuma nikidhani amenichoka. Nikakimbia mbele yake nikamwuliza, "Dani, nikitaka kurudi, utanikubali?" Nyusi zikapanda. Nikaangua kilio. Kwa jambo kama hilo nyusi hazikunitosha.

Akasimama, akamwita mama amsaidie kutua sanduku. Gari lilikuwa linapiga honi.

"Mama, gari itatuacha," mama akalalamika.

"Wacha iende. Mtoto ameniuliza kitu."

Akanitazama, akakishusha kichwa mpaka kifuani. Ngata ya kitambaa aliyokalishia mzigo ikadondoka mchangani, wala hakuihangaikia. Gari lilituacha kweli, tukangoja lingine.

Siku hizi omena hupanda bodaboda, na nyanya amelala kaburini nyuma ya nyumba yake. Majibu yetu huja kwa simu, mtu haoni uso wa mwenzake. Namkumbuka sana.

Nikaweka sufuria chini. "Njoo," nikamwambia binti yangu. "Nyumba ni yako." Na alipofika Jumamosi, kabla hata sijampokea begi, nilisimama mlangoni nikamjibu tena, kidevu mpaka kifuani.