Mpunga wa Kihenge cha Kijiji

Hasira hii nimezeeka nayo. Kijijini kwetu, karibu na Ifakara, mbegu ya mpunga ya watu wote ilikaa katika kihenge kimoja. Baada ya mavuno kila nyumba ilimimina kapu lake humo. Jumbe, mkuu wa kijiji, alikilinda, lakini hakuwa na ruhusa ya kukifungua peke yake. Akitaka mpunga, labda wa kulisha watu wanaotengeneza kivuko, alikuja kutueleza sisi wanawake, maana sisi ndio tuliopanda na kuvuna. Tulikaa chini, makapu matupu mbele yetu. Aliyekubali aliliacha kapu wazi, aliyekataa alilifudikiza, mdomo chini. Makapu mengi yakifudikizwa, jumbe alirudi kwake mikono mitupu, na wala hakununa.

Kisha Wadachi wakatuwekea akida, mtu wao wa kututawala sisi na jumbe wetu, na akida akataka mpunga wa kulisha vibarua waliokuwa wakimjengea nyumba. Sisi, kwa ujinga wetu, tukadhani mkubwa yeyote anayekula cha watu anajua kwamba ataulizwa. Tukamwita aje kutueleza. Tena tukamfagilia uwanja na kumtandikia mkeka!

Alikuja na askari. Hakukaa. Mume wangu akasimama kwa adabu zote.

“Shikamoo, bwana akida. Hiyo ni mbegu. Ukiichukua, mvua zikija tutapanda nini? Tueleze, mpunga wetu unakwenda kufanya kazi gani?”

Akida hakujibu. Tukafudikiza makapu, yote, hata la mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kumkatalia jumbe jambo lolote. Akida akauliza tunafanya nini.

“Wamekataa, bwana,” jumbe akamwambia kwa sauti ndogo.

Akida alicheka mpaka akashika kiuno. Akaamuru askari wayaokote makapu yale yale wayajaze mpunga wetu. Mume wangu wakamlaza chini, wakamchapa viboko mama yake akiangalia. Walipomaliza wakatutwisha makapu, tukaibeba mbegu yetu wenyewe mpaka kwa akida.

Mvua zilikuja. Mashamba ya bondeni yakalowa vizuri, nasi hatukuwa na punje ya kupanda. Tulichimba mizizi porini kama nguruwe, huku nyumba ya akida ikiezekwa.

Mwaka uliofuata, dawa ya maji, iliyosemekana kugeuza risasi za Wadachi kuwa maji, ilipofika bonde la Kilombero, mume wangu hakubembelezwa. Alikunywa, akaenda na wenzake kupigana Mahenge, na hakurudi.

Siku hizi nawasikia watu wakisema wale waliokunywa walikuwa wajinga waliodanganywa na maji. Wanitukane mimi, wamwache yeye. Wanangu wakiniuliza baba yao aliuawa kwa sababu gani, siwaambii habari za dawa. Nawaambia aliuliza mpunga wetu unakwenda kufanya kazi gani, na mpaka leo hakuna aliyemjibu.