Kadi Yenye Feni Moja

Nyumbani kwetu mtu hawashi pasi kimyakimya. Unapaza sauti, "Nawasha!", na binti yangu akijibu "Subiri!" unasubiri. Pasi, friji na kompyuta vyote viko kwenye ekstensheni moja, na pasi ikiingia ghafla kompyuta inazima, kazi ya binti inapotea. Wifi yangu anapiga pasi nguo za watu. Binti anachora nyumba. Wote wawili ndio wanaotulisha, nami niko katikati kama askari wa barabarani.

Binti huyu ni mtu wa maneno machache. Akiwa na hofu hasemi, anakuna tu kidole gumba. Kwa hiyo mimi humtazama mkono, si uso. Anatengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa: unaingia mlangoni, unapita sebuleni, unapanda ngazi, kama vile unatembea kweli. Injinia mmoja alisema atakuja Jumamosi kuona nyumba ya namna hiyo. Ikimpendeza, atampa binti kazi zake zote. Isipompendeza, binti atarudi kwenye kile kibanda cha vocha alikotoka amekonda. Na kila tulipofika kwenye ngazi, picha iliganda.

"Kadi ya picha imechoka," alisema. Ndiyo sehemu ya ndani inayochora kila unachokiona kwenye kioo cha kompyuta.

Tukaenda kwa fundi. Hakuniomba nimsindikize, nilivaa viatu tu. Fundi tunamwita Miwani, ingawa miwani yake hukaa utosini. Akaweka kadi mbili mezani, bei zake zikikaribiana. Moja ilikuwa mpya, fupi, ya feni moja. Nyingine ilikwisha kutumika kwenye duka la michezo ya kompyuta, nayo ilikuwa ndefu, na feni tatu.

"Hii ni mnyama, mama," alisema akiipapasa ile ndefu.

"Mnyama huyo anakula nini?"

"Umeme."

"Basi asije kwangu."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamshukia puani. Binti hakucheka. Alikuwa ameigeuza ile ndefu, anatazama mahali pa kuchomeka waya za ziada.

"Kiboksi cha umeme cha kompyuta yangu kitaibeba?"

"Kitajaribu," alisema fundi. "Ila hii fupi inakula kidogo, hata kuliko uliyonayo. Ukiipa picha nzito tu, itahema."

Hilo "kitajaribu" sikulipenda. Niliiona akilini ekstensheni yetu, inayopata joto hata kabla ya huyo mnyama. Nikajikaza.

"Chukua unayotaka, mwanangu. Usiniangalie mimi."

Akaniangalia. Akachukua fupi.

Njia nzima sikuwa na raha. Picha ikiganda Jumamosi, nani atakuwa ameigandisha?

"Umechukua hiyo kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya pasi ya shangazi."

Sikujua kama ananitania.

Ijumaa nilimwona anaing'oa miti ya kwenye picha, mmoja mmoja, ile bustani yote nzuri ya mbele ya nyumba, ili kadi isielemewe. Jumamosi asubuhi nikamwonya wifi: "Leo sitaki kusikia kelele yako mpaka mgeni aondoke."

"Na suruali ya mteja niikalie ndiyo inyooke?"

Injinia alikaa kwenye kiti kizuri. Mlango ukafunguka kwenye kioo, tukapita sebuleni, tukaziona ngazi. Hapo ndipo taa ya juu yetu ikafifia, na harufu ya nguo ya moto ikatoka chumba cha nyuma. Ile feni moja ikavuma kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Tukapanda ngazi ya kwanza, ya pili, mpaka tukatokea juu. Kompyuta haikuzima.

"Mbona nje hakuna miti?" aliuliza injinia.

Binti akaanza kukuna kidole gumba. Injinia alikuwa amekunja uso, na mimi nilitamani kuipanda ile miti kwa mikono yangu.

"Miti atapanda mwenye nyumba," alisema binti.

Injinia akakohoa. Kumbe alikuwa anacheka. "Nipandishe tena hizo ngazi," alisema. Alipoinuka kuaga, akaahidi kumletea ramani nyingine. Ya ghorofa.

Nikamwendea wifi mbio. "Umewasha bila kusema!"

"Si umenikataza kelele?"

Niliinama nikagusa ekstensheni. Ilikuwa na joto, lakini si la kuunguza.

"Hilo ghorofa," nilimuuliza binti, "lina ngazi nyingi?"

"Orofa nne, mama," alisema, na mkono wake ukaenda kwenye kidole gumba.