Walisalimiana Mlangoni pa Darasa

Nilikuwa nachambua maharage jirani aliponiita: "Mama, mutoto yako ameanguka mu darasa. Joto ni mingi."

Ni lile darasa jipya la hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, lenye bati tupu juu. Nilimkuta binti yangu kivulini, amezinduka, anakunywa maji. Mlangoni wanaume wawili waliofika kutoka mjini Mbarara kukagua jengo, kila mmoja na gari lake, msanifu na mhandisi, walikuwa wakijitetea mbele yetu wazazi.

"Mimi nilichora dari," alisema msanifu.

"Dari niliitoa, ssebo, bwana wangu," alijibu mhandisi. " Niliona umechora feni, nikadhani zitatosha kupoza."

"Nilijua utaleta umeme."

"Umeme hapa uko wapi? Ungeniuliza."

Kisha wakapeana mikono na kuulizana majina. Ndiyo kwanza walikuwa wanaonana.

Kwetu Kivu, kule Kongo, fundi wa ukuta na fundi wa paa hula ugali sahani moja kabla msingi haujachimbwa. Hawa wasomi walikutanishwa na mtoto aliyezimia, na kesho darasa ni lilelile.

Jioni nilipakua maharage, nikawahesabu wanangu. Wote walikuwepo. Yule aliyezimia alikula chakula chake kizingitini, penye upepo.