Shamba la Zahanati

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, Elieth aliketi mbele ya kompyuta kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Dakika arobaini alisubiri umeme urudi. Dakika mia mbili na ishirini zilizobaki alizitumia kwa sentensi moja: "Shamba la zahanati lilitolewa na Nyangi, mjane wa Machage, mwaka 1988."

Alikuwa fundi umeme wa majumbani, mhitimu wa chuo cha ufundi, na kwa miaka mitatu alikuwa mhariri wa kujitolea wa kamusi elezo ya mtandaoni. Hakuwahi kutoboa ukuta kabla ya kuchora njia ya nyaya kwenye karatasi, na makala aliziandika vivyo hivyo. Kompyuta ilikuwa ya Happy, mwenye duka la stesheneri kwenye njia ya kwenda Nyanungu.

"Wenzako wanaingia mtandaoni kutafuta wachumba," Happy alisema, "wewe unahangaika na koma."

Sentensi ile ilikuwa ya kusahihisha kosa lake mwenyewe. Miaka miwili nyuma, alipoandika makala ya kijiji, alimuuliza mkulima mmoja, Emanueli, ni nani aliyetoa shamba la zahanati. "Baba yangu, Mzee Machage," Emanueli alijibu, naye Elieth akaandika hivyo. Hakudanganywa. Machage alifariki mwaka 1969 bila mtoto wa kiume. Mjane wake, Nyangi, alitoa ng'ombe akaoa mke, kwa desturi ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu, ili mke huyo azae kwa jina la marehemu. Emanueli alizaliwa humo mwaka 1975. Kwa desturi, baba yake ni Machage, na kilichotoka katika nyumba ile kimetolewa na Machage. Elieth alikulia katika desturi hiyo. Mgeni angeuliza mwaka wa kifo, yeye hakuuliza.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi ile, Bibi Nyangi, mwenye miaka themanini na minane, alikuja dukani kutoa nakala ya kadi ya kliniki. Happy akamsomea makala ili kumfurahisha, Elieth akiwapo.

"Machage?" bibi alisema. "Alitoka kaburini kuja kupima shamba? Kamba niliishika mimi, upande huu mimi, upande ule bwana afya."

"Nisamehe, bibi. Ni mimi niliyeandika," Elieth alisema.

"Basi niandike upya, mjukuu wangu, kabla sijamfuata. Nisije nikamkuta huko anajisifu."

Elieth aliahidi.

Jumamosi ile, saa saba na dakika nane, sentensi aliyoichapisha ilikuwa imeondolewa. Aliyeiondoa ni Lusekelo wa Dar es Salaam, mkabidhi, yaani mhariri mwenye mamlaka juu ya kurasa. Hakuwa mkali. "Dada Elieth, chanzo kiko wapi? Kitabu cha mradi wa afya, ukurasa wa 14, kinamtaja Machage."

Elieth alikijua kitabu hicho. Kilichapishwa mwaka mmoja baada ya makala yake, na kilisema Machage alitoa shamba "bila kudai hata kifuta jasho", maneno aliyoyatunga yeye, neno kwa neno. Alimweleza Lusekelo.

"Ninakuamini," Lusekelo alijibu. "Lakini kitabu hakisemi kilitoa wapi habari hiyo, na mazungumzo yako na bibi si chanzo kilichochapishwa. Kanuni unaijua."

Aliijua. Yeye mwenyewe alikwisha kuwatumia wahariri kumi na mmoja kanuni hiyo hiyo, na kila mara aliona ni ya haki.

Alasiri alimfuata Emanueli shambani kwake, akamwomba atoe maelezo kwa maandishi, yapelekwe gazetini yapate kuwa chanzo.

"Shikamoo, baba. Ni mistari miwili tu."

"Marahaba. Mistari ya kusema nini? Kwamba mwaka ule Machage alikuwa amekwisha kufa?" Emanueli aliliegemea jembe. "Mimi nimezaliwa baada ya kaburi lake, binti. Watu wa mbali wakisoma hivyo, watauliza mimi ni wa nani. Ng'ombe wa bibi walijibu swali hilo zamani. Usilifufue."

Elieth aliaga. Wakati wa kurudi alipita kwa Bibi Nyangi, aliyekuwa akianika mtama uani.

"Umeniandika?"

"Bado, bibi."

"Haya. Mimi sina haraka. Mwili ndio una haraka."

Bibi Nyangi alifariki mwezi Agosti. Mazishini padre alisema kwamba alikuwa mama mwema.

Tarehe 9 Machi 2025 makala ilikuwa na vyanzo viwili. Cha kwanza kilikuwa kitabu cha mradi, ukurasa wa 14. Cha pili kilikuwa picha ya jiwe lililowekwa mlangoni mwa zahanati mwezi Januari: "Shamba hili lilitolewa na Mzee Machage, 1988, bila kudai hata kifuta jasho."